Mgeni wa Ndani ya Treni na Mgeni wa Dirishani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti la Chama chetu nipate kusema neno juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliona dogo. Mimi nami nalikuwa nikiliona dogo, mpaka siku liliponiokoa. Jambo lenyewe ni mazungumzo ya mtu na mtu asiyemjua, njiani, ndani ya gari la moshi, katika nchi isiyokuwa yake.

Sababu ya kuandika ni hii. Majuzi, saa ya chai, mwenzetu mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa safari ya nchi za nje alipewa shauri na makarani wote waliokuwapo. Walimwambia, "Ukiingia garini, weka waya za simu masikioni, funga mdomo, wala usijuane na mtu." Wote wakaitikia kwamba shauri hilo ni jema. Mimi nilikunywa chai yangu nikanyamaza, na tangu siku ile najilaumu, kwa maana nalikuwa na ushuhuda wa kutoa nami sikuutoa. Basi haya ninayoyaandika ndiyo maneno niliyopaswa kuyasema siku ile.

Neno langu kwa ufupi ni hili: yule mgeni tunayemwogopa ndani ya treni ndiye yule yule tunayemfukuza dirishani petu ofisini. Atakayejifunza kukaa vema na huyu, atajua kumhudumia yule.

Mwaka 2017, mwezi wa Julai, nilipata ruhusa ya kwenda Ndola katika nchi ya Zambia. Baba yangu mdogo, aliyehamia huko zamani kutafuta kazi katika migodi ya shaba, alikuwa amefariki, na ukoo ulinichagua mimi niende kuuwakilisha katika kumaliza matanga na kuangalia mambo ya watoto. Nikapanda gari la TAZARA pale Dar es Salaam, daraja la pili. Siku hizi magari haya hayatoi tena moshi wa makaa, lakini sisi twaendelea kuyaita magari ya moshi, kama mtu aendeleavyo kumwita mzee jina lake la utotoni.

Wasiolijua reli hili wataniwia radhi nikisema habari zake kidogo. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wenyewe mwaka 1965, Zambia iliona kwamba shaba yake haiwezi kuendelea kupita mikononi mwa watu wale, ikatafuta njia nyingine ya kufika baharini. China ikatoa mkopo usio na riba, na kazi ikaanza mwaka 1970. Reli ilikamilika mwaka 1975, ikakabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mbili mwaka 1976. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na Waafrika pia walipoteza maisha yao. Kwa hiyo njia yenyewe iliyonipeleka ilijengwa na watu waliokuwa wageni wao kwa wao, waliokula vumbi moja kabla hawajajua lugha moja.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda sita, vitatu kila upande. Tulikuwa wanaume sita. Alikuwamo mzee mmoja wa Mpika, Mzambia, aliyetoka kumtazama binti yake aliyeolewa kwetu. Alikuwamo mfanyabiashara wa Lubumbashi na marobota yake ya vitenge vya Kariakoo. Fundi wa magari kutoka Tunduma. Mwalimu wa shule aliyekuwa akirudi Kasama. Na kijana mmoja aliyepanda kitanda cha juu kabisa, akaziba masikio kwa waya za simu, asiseme neno. Wa sita ni mimi.

Sasa naungama. Shauri lile la makarani, mimi nalilifuata kabla hawajalitoa. Niliketi dirishani na gazeti la juzi, nikajifanya nasoma. Kila ukurasa niliusoma mara tatu. Mzee alipofungua kitambaa chake chenye mihogo ya kuchemsha na samaki wakavu, akasema, "Karibuni," nilijibu kwamba nimeshiba, na hapo hapo tumbo langu likanguruma hata fundi akacheka. Mzee hakucheka. Alimega muhogo, akala kipande kimoja yeye mwenyewe mbele yangu, kisha akaniwekea kingine juu ya lile gazeti. Nilifahamu alichokuwa akiniambia bila maneno: yaani, naona unaogopa, wala sikulaumu, tazama, mimi nimekula kwanza.

Nikala. Tangu hapo gazeti lilikuwa meza.

Jioni tulipita katika pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tukawaona twiga wamesimama karibu na njia kama watu wanaongoja gari lao. Mfanyabiashara akatuambia habari za kwao kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho mwanzoni kilinichekesha, kwa kuwa mimi ni mtu wa sarufi ya shuleni. Kila alipokubali neno alisema, "Njo vile." Baada ya saa mbili niliona aibu ya kicheko changu. Mtu yule alisema Kiswahili, Kibemba na Kifaransa, na katika zote aliuza na kununua na kusalimia, nami katika Kiswahili changu safi nilikuwa nimeshindwa hata kusema "asante, nakaribia."

Kulipopambazuka mzee alituamsha. Tulikuwa katika milima kati ya Mlimba na Makambako, mahali penye madaraja marefu na mahandaki yanayopenya ndani ya miamba. Alisema kwamba mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka 20, aliacha kwao akaja kufanya kazi ya reli hii. Msimamizi wake Mchina alimfundisha kuhesabu kwa vidole na kwa vijiwe, naye akamfundisha msimamizi maneno ya Kibemba ya salamu. Kila handaki tulipoingia, gizani, mzee alinyamaza. Na tulipotoka alisema neno moja moja juu ya watu aliowajua. Hata yule kijana wa kitanda cha juu alitoa waya masikioni akasikiliza.

Baada ya Mbeya mwili wangu ulianza kutetemeka. Nilidhani ni baridi ya nyanda za juu. Tulipokaribia Tunduma kichwa kilikuwa kikigonga kama nyundo, na macho hayakuweza kutazama mwanga. Fundi wa Tunduma alikuwa ashuke hapo. Kabla ya kushuka alivua koti lake akanifunika, akasema ataagiza jingine kwa mkewe. Mpaka leo koti lile ninalo.

Ndugu zangu, sisi tulio watumishi wa Serikali twajua vema hofu ya mpakani, kwa maana sisi wenyewe ndio tunaoitia watu hofu hiyo. Gari lilipofika Nakonde, upande wa Zambia, nilikuwa siwezi kusimama. Nilifikiri moyoni, "Hapa ndipo safari yangu inapokwisha. Mgeni mwenye homa, asiyeweza kueleza habari zake, nani atamruhusu kupita?" Watu hushushwa njiani kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Akaingia afisa wa uhamiaji, mwanamke kijana, kwa sare iliyopigwa pasi. Hakusema, "Amka." Alichutama kando ya kitanda changu mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akanisalimu kwa Kiswahili, maana watu wa Nakonde hukijua kwa ujirani. Kisha akaifanya kazi yake yote. Aliitazama hati yangu ya kusafiria ukurasa kwa ukurasa. Aliitaka kadi ya chanjo ya homa ya manjano, akaisoma. Aliniuliza niendako, nitakaa kwa nani, na siku ngapi. Aliniuliza homa ilianza lini na nimetapika mara ngapi. Mwisho akawageukia wenzangu akauliza, "Huyu ni ndugu yenu?"

Mzee akajibu, "Ni wa chumba chetu."

Yule afisa akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu kamili. Akagonga muhuri, akaandika siku zangu, akasema, "Kasama na Mpika zina hospitali. Akizidiwa, msingoje Kapiri. Mwambieni mlinzi wa gari." Kisha akaenda chumba cha pili.

Nimelifikiri jambo lile mara nyingi. Hakuna sheria hata moja aliyoivunja yule bibi. Hakuna karatasi aliyoiacha bila kuitazama. Wala hakutumia dakika nyingi kuliko ambazo angalitumia kwa ukali. Tofauti yake ilikuwa katika kuchutama tu, na katika kuuliza swali la mwisho ambalo halimo katika fomu yoyote.

Usiku ule ndio ulikuwa mbaya. Mfanyabiashara alitaka kunipa vidonge alivyokuwa navyo katika mkoba wake, lakini mzee alimkataza, akasema, "Dawa usiyoijua, kwa ugonjwa usioujua, si dawa." Maneno hayo naomba wasomaji wayatie akilini. Badala yake waliloweka kitambaa wakanikanda, wakaninywesha maji kidogo kidogo. Mama mmoja wa chumba cha wanawake, aliyesikia habari zangu kutoka kwa mwalimu, alileta uji katika kikombe chenye kifuniko. Na yule kijana wa kitanda cha juu, ambaye sote tulimdhania ana kiburi, alishuka akakaa sakafuni kando yangu mpaka alfajiri, akinipungia hewa kwa lile gazeti langu. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ametoka kufiwa na kaka yake, na hakuwa na maneno ya kusema na watu. Hivyo nilijifunza kwamba mtu mkimya si lazima awe mtu mbaya. Pengine amebeba mzigo usioonekana katika chumba cha mizigo.

Kasama, mwalimu alishuka na kuniaga kwa Kibemba, nami nikajibu "Natotela," neno la shukrani ambalo mzee alikuwa amenifundisha nilipokuwa mzima. Homa ilikuwa imetulia kidogo, tukaamua kuendelea. Mpika, mzee naye alifika kwao. Kabla ya kushuka alimwita mfanyabiashara, akamweleza nilikunywa nini, saa ngapi, na nilitoka jasho mara ngapi, akamkabidhi mimi kama karani anavyomkabidhi mwenzake zamu na vitabu vyake. Na yule wa Lubumbashi akasema, "Njo vile, Papa," akazipokea habari zile kwa makini kama mtu anayetia sahihi.

Tulifika Kapiri Mposhi usiku. Mfanyabiashara aliyaacha marobota yake chini ya ulinzi wa yule kijana, akanipeleka katika zahanati. Damu ikapimwa, ikaonekana malaria, nikapewa dawa mseto. Asubuhi tulipanda basi moja kwenda Ndola, kwa kuwa njia yake ya kurudi kwao ilipita huko, naye hakuniacha mpaka aliponifikisha mlangoni mwa nyumba ya matanga. Nauli alikataa. Namba ya simu yake niliiandika nyuma ya bahasha, nayo bahasha ikapotea katika shughuli za msiba. Kwa hiyo deni lile siwezi kumlipa mwenyewe. Nimeona kwamba pengine ndivyo madeni ya namna hii yalivyo: hulipwa kwa mtu mwingine.

Mtu asidhani ya kuwa treni yenyewe ndiyo iletayo wema. Gari ni chuma na mbao tu, na binadamu ameitumia pia kwa kutengana. Mwaka 1892, huko New Orleans katika Marekani, Homer Plessy alikamatwa kwa kosa la kuketi katika behewa la wazungu; na mwaka 1896 mahakama kuu ya nchi ile ikaamua kwamba kuwatenga watu kwa rangi ni halali. Mwaka 1893, pale Pietermaritzburg katika Afrika ya Kusini, Gandhi alishushwa kwa nguvu usiku wa baridi ingawa mkononi alikuwa na tikiti ya daraja la kwanza. Na katika nchi zetu za Afrika Mashariki siku za ukoloni, baba zetu walilijua zaidi daraja la tatu. Katika mambo yale yote, walikuwapo watumishi waliosema, "Mimi nafuata amri tu." Basi chumba cha vitanda sita, ambamo Mzambia na Mkongo na Mtanzania hulala juu kwa juu wala hakuna anayeuliza kabila, si kitu cha kawaida katika historia. Ni kitu kilichopatikana kwa gharama, na kukaa ndani yake kama maiti ni kukitupa.

Tena wako wataalamu waliolichunguza jambo hili. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya abiria wa mji ule. Wengine waliombwa wazungumze na mtu wasiyemjua; wengine wakae peke yao kimya; wengine wafanye kama desturi yao. Wale walioulizwa kukisia walisema kwamba mazungumzo yataiharibu safari. Lakini waliozungumza kweli ndio walioshuka wakiwa na furaha zaidi. Maana yake ni kwamba kila mmoja garini humdhania mwenzake hataki kusemeshwa, na mwenzake humdhania vivyo hivyo. Wote wawili hukaa kimya kwa adabu ambayo hakuna aliyeiomba.

Sasa wako watakaonijibu, nami nataka niwatangulie.

Wa kwanza atasema, "Wako wezi, na wako wanaotia dawa katika chakula." Ni kweli. Tumesikia habari za abiria walioamka hospitalini bila mizigo yao. Mimi sisemi mtu awe mjinga. Tikiti yako, fedha zako na hati zako ziwe mwilini mwako. Chakula kula kile ambacho mwenye kukitoa anakula pamoja nawe, na kinywaji kilichofunguliwa mbali na macho yako usikinywe. Usimwambie mtu usiyemjua fedha ulizo nazo wala nyumba utakayolala. Lakini tahadhari ni kufuli, si ukuta. Na yule anayekaa bila kujuana na mtu chumbani, siku ya kuibiwa hana hata mmoja wa kumtetea.

Wa pili atasema, "Heshima ya cheo changu hainiruhusu." Huyu sina maneno mengi naye. Namshauri apate homa kilomita elfu moja kutoka kwao, kisha akitazame cheo chake kama kitamletea uji.

Wa tatu ndiye mwenye hoja, naye ni mwenzetu wa dirishani. Atasema, "Garini ni watu sita kwa siku mbili. Dirishani petu ni watu mia kwa siku moja. Ukarimu utachelewesha kazi." Kwa huyu nitaeleza jambo la aibu yangu.

Wiki chache baada ya kurudi, nalikuwa dirishani katika ofisi niliyokuwamo wakati ule, ambayo sitaitaja. Akaja mama mmoja mzee juu ya mafao ya marehemu mumewe. Bila kuinua macho nikamwambia, "Karatasi hazijatimia, njoo kesho." Hakuondoka. Akasema kwa sauti ya chini, "Kesho sina nauli, mwanangu." Nikainua macho. Chini ya kwapa alikuwa na kitambaa kilichofungwa, na kupitia kwenye upindo nikaona mihogo ya kuchemsha. Alikuwa amelala stendi ya mabasi.

Sitasema nilijisikia namna gani. Nitasema nilichokuta katika faili lake. Alikuwa amekuja mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa alete cheti cha kifo, akakileta. Mara ya pili aliambiwa alete cha ndoa, akakileta. Mara ya tatu, picha. Mara ya nne alikuta dirisha limefungwa. Kila mmoja wetu alimwambia neno la kweli, wala hakuna aliyevunja sheria; lakini hakuna aliyemwambia maneno yote kwa pamoja. Nilimpa kiti, nikaandika katika karatasi moja kila kitu kilichobaki, navyo vilikuwa viwili tu, barua ya kijiji na namba ya benki. Nilitumia dakika kumi. Ofisi yetu ilikuwa imekwisha tumia siku nne, naye alikuwa ametumia nauli ya safari nne na usiku stendi. Sasa mwenzangu na aniambie: katika ukarimu na ukali, kipi ndicho kilichochelewesha kazi?

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naleta mapendekezo matatu mbele ya wanachama, yajadiliwe katika mikutano ya matawi.

La kwanza, kila mwanachama aliye dirishani awe wa kwanza kusalimu. Salamu haina fungu katika bajeti, wala haihitaji kibali cha mkuu.

La pili, mtu akipungukiwa na karatasi, aandikiwe zote zinazotakiwa mara moja, katika karatasi moja yenye tarehe na sahihi ya karani, ili asitumwe kama mpira kutoka mlango hadi mlango.

La tatu, katika kila chumba cha kungojea kiwepo kiti kimoja kilichowekwa kando kwa mgonjwa, mzee na mama mwenye mtoto, na karani wa zamu amfuate pale alipo. Yule bibi wa Nakonde alikuwa na gari zima la kukagua, akachutama. Sisi tunashindwaje kuzunguka meza?

Na kwa mwenzetu anayesafiri, shauri langu ni kinyume cha lile la saa ya chai. Ndugu, ukiingia katika treni ya nchi ya watu, jifunze kwanza salamu yao na neno lao la asante. Chukua chakula kinachotosha wawili. Waya za simu ziache mfukoni walau mpaka stesheni ya tatu. Usipopata neno la kusema, muulize jirani yako jina la mto mnaouvuka. Watu hupenda kuulizwa mito yao. Na ukimkuta mtu amenyamaza, mwache anyamaze, lakini mbakizie muhogo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nalikuwa nikidhani methali hii ni ya kumfurahisha mgeni tu. Sasa nafahamu kwamba inamsema mwenyeji: yeye ndiye mgonjwa, mgeni ndiye dawa. Yule mama wa mihogo hajui kwamba siku ile mimi ndiye niliyehudumiwa.

Nakoma hapa, nikiomba radhi kwa urefu wa maneno yangu. Asiyekubaliana nami na ajibu katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa heshima.

Ndimi mwenzenu,
Karani wa Dirishani